Kamina: Ukuta wa kompyuta unaoweza kutoa siri za ofisi

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, lupango yenye mali huwa na ukuta, na mara nyingine mlinzi mlangoni. Mgeni asiyejulikana hafunguliwi. Lakini tuseme mlinzi huyo, bila kufungua mlango, anamjibu kila mpita njia: nyumba ina vyumba vitatu, pesa ziko katika chumba cha nyuma, na usiku watu wote hulala upande wa mbele. Mwizi hajaingia bado, lakini ameshapata anachohitaji.

Jambo kama hilo hutokea pia kwenye kompyuta. Ofisi yenye kompyuta nyingi hutumia ukuta wa moto, ambao mafundi wengi wa Kongo huuita pare-feu. Ni chombo ao programu inayokaa kati ya kompyuta za ndani na intaneti, ikichuja kinachoingia na kinachotoka. Ukuta huo ukiwa na kasoro, unaweza kumfungia mtu mlango na wakati huohuo kumweleza yaliyo ndani: namba za kompyuta, majina yake, mahali seva ilipo, hata maneno ya siri.

Mfano mmoja wa zamani ulifichuliwa na Waafrika. Mwezi wa saba mwaka 2001, watafiti wa kampuni ya SensePost ya Afrika Kusini walionyesha kwamba FireWall-1, ukuta wa moto wa kampuni Check Point ya Israeli, uliweza kumpa mtu yeyote ramani ya mtandao wa ndani. Hakuulizwa jina wala neno la siri. Alihitaji tu kutuma ombi kwenye mlango namba 264, uliowekwa ili kuwasaidia wafanyakazi wanaoingia kazini kutoka mbali. Chombo hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimepangwa hivyo tangu kiwandani, na wengi hawakubadilisha mpangilio huo.

Miaka 23 baadaye, mwezi wa tano mwaka 2024, Check Point ilitoa marekebisho ya haraka kwa kasoro nyingine, yenye namba CVE-2024-24919. Safari hii mtu wa nje aliweza kusoma mafaili yaliyo ndani ya ukuta wenyewe, pamoja na maneno ya siri yaliyofichwa kwa hesabu, ambayo mjuzi anaweza kujaribu kuyafichua.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha FortiGate, vyombo vya kampuni Fortinet ya Marekani. Mwezi wa kumi mwaka 2022, Fortinet ilitangaza kasoro hatari na kutoa marekebisho. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, kundi linalojiita Belsen Group lilitoa hadharani mipangilio ya vyombo karibu 15,000, iliyoibwa kupitia kasoro hiyo ya 2022. Ndani yake mlikuwa na sheria za ukuta na maneno ya siri. Ofisi iliyokuwa imeibiwa kabla ya kurekebisha ilibaki hatarini, kwa sababu marekebisho huziba tundu lakini hayarudishi kilichokwisha kutoka.

Kwa Kamina, umbali si kinga. Mtu anayetoka Lubumbashi ao Kananga hufika kwa safari ndefu ya reli, lakini anayetafuta tundu katika ukuta wa moto hahitaji tiketi. Programu zake hupita namba za intaneti za dunia nzima, bila kujali kama nyuma yake kuna banki kubwa ya Ulaya ao ofisi yenye kompyuta tano. Na zikivuja orodha za mishahara, matokeo ya wanafunzi ao mafaili ya wagonjwa, anayeumia ni mkaaji ambaye hajawahi hata kusikia neno pare-feu.

Sheria nayo imesogea. Kanuni ya dijitali ya Kongo, iliyotolewa kwa sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari binafsi za raia na kuadhibu wanaoingia kwenye mitandao ya wengine bila ruhusa.

Kuna hatua zisizohitaji pesa nyingi. Ya kwanza ni kuweka marekebisho mara yanapotoka. Ya pili ni kuhakikisha ukurasa wa kusimamia ukuta haufunguki kutoka intaneti. Ya tatu ni kuzima huduma zote ambazo ofisi haitumii. Ya nne, inayosahauliwa mara nyingi, ni kubadilisha maneno yote ya siri baada ya kurekebisha kasoro ya aina hii.

Mkuu wa ofisi asiyejua kompyuta anaweza kuanza kwa kumuuliza fundi wake mambo mawili: ukuta wetu ulirekebishwa lini mara ya mwisho, na mtu aliye nje akiubishia, unamjibu nini?