Neno "Taboo" la Kiingereza na Visawe Vyake katika Kiswahili

Neno la Kiingereza "taboo" hufasiriwa mara nyingi kwa neno moja tu la Kiswahili, yaani "mwiko". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila katazo lina mwenyewe, na kwamba mfasiri asiyejiuliza ni nani akatazaye huenda akapotosha maana.

Kiingereza nacho kililiazima neno hilo. Nahodha James Cook alilikuta katika visiwa vya Tonga mwaka 1777, ambako husemwa "tapu". Wamaori nao husema "tapu", na wenyeji wa Hawaii "kapu". Katika lugha hizo, utukufu na katazo ni mambo yasiyotengana: mtawala, maiti au mahali pa ibada havikuguswa ovyo kwa sababu vilikuwa na nguvu ya kuogopwa. Lilipozoeleka katika Kiingereza, upande wa utukufu ulififia. Siku hizi Mwingereza hulitumia zaidi kwa jambo ambalo haya na desturi huzuia lisitendwe au lisitajwe, hata kama hapana sheria inayolikataza.

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana na hilo. La kwanza ni "marufuku". Katazo hili hutoka kwa mwenye mamlaka: serikali hupiga jambo marufuku leo, na kesho yaweza kuliruhusu. La pili ni "haramu", ambalo asili yake ni sheria ya Mungu na kinyume chake ni "halali". Shina lake la Kiarabu linafanana ajabu na "tapu", kwa kuwa ndilo lililozaa pia jina la Msikiti Mtakatifu wa Makka, al-Haram, na neno "ihramu". Hata hivyo, "haramu" ya Kiswahili imebaki na katazo peke yake.

La tatu ni "mwiko", nalo humfunga mtu katika nafsi yake, ukoo wake au hali yake. Mgonjwa aliyepewa dawa na mganga hushika mwiko wa chakula fulani, ilhali jirani yake hukila bila ya dhara. Avunjaye mwiko hangojei askari. Madhara humfuata yenyewe. Bila shaka ndiyo sababu masharti waliyowekewa viongozi wa Tanzania na Azimio la Arusha la mwaka 1967, kama vile kutopokea mishahara miwili na kutokuwa na nyumba ya kupangisha, yalijulikana kama "miiko ya uongozi". Neno "marufuku" lisingalibeba uzito huo wa dhamiri.

Basi, aandikaye kwamba nyama ya nguruwe ni mwiko kwa Waislamu ameishusha amri ya Mungu ikawa mila. Na aandikaye kwamba ni marufuku ameikabidhi kwa polisi. Kadhalika, wanaisimu waitapo matusi "maneno ya mwiko" huchanganya mambo. Atukanaye hukosa staha, na dawa yake ni tasfida. Lakini mwanamke wa Kizulu afuataye desturi ya "hlonipha", ambaye hatamki jina la baba mkwe wake, huyo ndiye ashikaye mwiko hasa.

Kwa hiyo "taboo" haina kisawe kimoja. Hapana budi mfasiri amtafute kwanza mwenye katazo, ndipo achague neno.