Moto Mdogo, Maharage Laini

Mgeni akipiga hodi saa saba mchana na kukuta maharage mezani, mwenyeji wa mjini huanza kwa kuomba radhi. Angejua kuna mgeni angemtuma mtoto buchani akachukue hata nusu kilo ya nyama. Nimeombwa radhi hiyo katika nyumba nyingi, na kila mara husikitika, kwa sababu kazi yangu ni sayansi ya chakula na ninajua kilichomo katika sufuria anayoionea haya. Najua pia haya hiyo inatoka wapi. Wengi wetu tulijifunza kuyachukia maharage shule ya bweni: ya msimu uliopita, yametobolewa na wadudu, yamechemshwa kwenye pipa kwa maji na chumvi, hayajaungwa hata kwa kitunguu kimoja. Mtu akila hivyo miaka minne, akianza kupata mshahara atayakimbia. Lakini lililomchosha ni upishi ule, na upishi hurekebishika.

Maharage makavu yana kati ya gramu 20 na 25 za protini katika kila gramu 100. Protini hujengwa kwa asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Ni lazima ziingie kwa chakula. Mahindi yana uhaba wa mojawapo, lisini. Maharage yana lisini tele, ila yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo ugali kwa maharage, au yale makande ya Upareni ambayo Wakikuyu huyaita githeri, ni mlo ambao pande zake mbili zinazibiana pengo. Mazao yote mawili yalitoka Amerika, ambako wenyeji wa Mexico walikuwa wakiyala pamoja maelfu ya miaka kabla ya Wareno kufika pwani yetu. Hakuna aliyewaeleza habari za lisini. Waliona tu kwamba watoto wanakua.

Maharage pia yana nyuzinyuzi nyingi na wanga unaosagika taratibu tumboni, ndiyo maana fundi ujenzi aliyekula ugali na maharage saa sita hatafuti maandazi saa tisa. Siyo kwamba yana kila kitu. Vitamini B12 hayana kabisa, na hilo nitalirudia.

Kasoro yake kubwa ni moto. Maharage ni chakula cha bei nafuu kinachoweza kumaliza mkaa wa bei ghali, na mwanamke anayepika kwa kopo la mkaa analijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi ahesabu vitu viwili kwa pamoja: bei ya maharage na bei ya kuyaivisha.

Kwa nini yanachelewa? Punje ya maharage imejaa vyumba vidogo sana, yaani seli, vilivyoshikanishwa na kitu kiitwacho pektini. Maji ya moto huiyeyusha pektini hiyo polepole. Seli zikiachana, tunasema maharage yameiva. Sasa, maharage yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo ndani ya punje huishika pektini na kuikaza. Maharage ya namna hiyo unaweza kuyachemsha tangu asubuhi hadi alasiri, maganda yakapasuka, na ndani bado yakawa kama chenga. Ghala la bati la Dar es Salaam au Tanga ni mahali pabaya sana pa kuyatunzia. Yaliyotoka shambani Mbeya, Rukwa au Kigoma msimu huu hulainika upesi hata kwa moto wa kawaida.

Ndiyo maana sokoni swali la kwanza lisiwe bei. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, kisha yaangalie. Maharage mapya yana rangi angavu. Ya njano yaliyokwisha kugeuka kahawia, au ya mistari ambayo weupe wake umefifia na kuwa kama chai ya maziwa, yamekaa sana. Aina nayo ina uzito wake. Ya njano yana sifa ya kuiva haraka na kutojaza sana gesi tumboni, na watu huyalipia zaidi kwa sababu hiyo. Wanaofanya hivyo mara nyingi hawapati hasara, kwa kuwa tofauti ya bei hurudi kwenye mkaa. Vituo vya utafiti vya Uyole mkoani Mbeya na Selian mkoani Arusha vimewapa wakulima aina kama Uyole 94 na Selian 97, na siku hizi muda wa kuiva ni miongoni mwa mambo yanayopimwa kabla aina mpya haijakubaliwa. Ninafurahi kwa hilo. Zamani mavuno na magonjwa ndiyo yaliyozingatiwa, na mpishi hakuulizwa.

Ukishayachambua kwenye ungo, yaloweke usiku kucha katika maji mara tatu ya ujazo wake, na utie chumvi humo: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Najua wengi wamefundishwa kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda lililopoteza madini hayo hulainika mapema. Asubuhi mwaga maji hayo na uyasuuze maharage. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi, ambazo utumbo wetu hauwezi kuzisaga na bakteria ndio wanaozila, huondoka na maji hayo. Pwani, wakati wa joto kali, usiyaache zaidi ya saa kumi na mbili, maana huanza kuchacha. Na ukisahau kuyaloweka, yachemshe dakika mbili, epua, funika saa nzima, mwaga maji, kisha endelea. Choroko na kunde hazihitaji hata hilo.

Magadi je? Yanafanya kazi kweli, kwa sababu pektini huvunjika haraka kwenye maji yenye magadi. Lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi kidogo chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Mimi humshauri mtu atumie chumvi ya kulowekea na aache magadi kwa maharage yaliyokaidi kabisa. Nyanya, ndimu na ukwaju viko upande wa pili: uchachu wake huishikilia pektini isiyeyuke. Ukitia nyanya sufuriani mapema ili kuokoa muda, unaupoteza. Subiri maharage yalainike hadi yapondeke kwa vidole viwili, ndipo uyaunge.

Sasa jiko lenyewe. Maji yakichemka Dar es Salaam yana nyuzi joto 100, na hata ukichochea mkaa hadi sufuria itetemeke, hayazidi hapo. Maji yanayochemka kwa fujo na yanayotoa vitone vichache yana joto lilelile. Tofauti ni mvuke unaopotea. Na mvuke huo ni fedha. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji nishati karibu mara saba ya ile iliyoyatoa kwenye ubaridi hadi yakachemka. Nikiingia jikoni nikakuta maharage yanafoka bila mfuniko, naona mkaa ukipanda darini. Yakishachemka, ondoa nusu ya mkaa, ziba mlango wa jiko, funika. Juu milimani mambo ni magumu kidogo, kwa kuwa kila mita 300 unazopanda hupunguza karibu nyuzi moja. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, kwa hiyo maharage mapya ya Mbeya huchelewa zaidi yakipikiwa kwao kuliko yangepikiwa Temeke. Mfuniko wa kawaida hauwezi kulirekebisha hilo. Presha kuka inaweza, kwa kuwa hulipandisha joto hadi karibu nyuzi 120.

Kwa asiye na presha kuka kuna kikapu, na laiti ningeweza kukiingiza katika kila nyumba. Chukua kapu kubwa la ukindu au tenga, tandika ndani mablanketi chakavu au mito ya sufi, upana wa kiganja kila upande. Chemsha kwa nusu saa maharage yaliyolowekwa, yafunike, yaingize kwenye kapu yakiwa bado yanatokota, yazibe vizuri juu, uende zako. Saa tatu au nne baadaye yameiva au yamebakiza kidogo, na jiko halijala hata kipande cha mkaa muda wote huo. Sharti ni moja na sitalilegeza: yachemke kweli dakika zisizopungua kumi kabla hayajaingia kapuni. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini inayoleta kutapika na kuhara. Kuchemka huiangamiza. Uvuguvugu hauiondoi, na maharage yaliyopata moto nusunusu yanaweza kudhuru zaidi kuliko mabichi. Yakitoka kapuni yarudishe motoni yachemke tena, na usiyalaze humo hadi asubuhi.

Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema. Jiko la umeme la presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja ya LUKU, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walipime kwenye mita yao. Lakini bei ya kulinunua hailipwi kwa kopo kama mkaa, na kwa familia nyingi kizuizi ni hapo.

Kuhusu kuunga, sina la kumfundisha mtu wa Pwani. Kitunguu kiive hadi kiwe cha dhahabu, nyanya ikauke mpaka mafuta yajitenge, tui jepesi litangulie, tui zito liingie mwishoni kwa moto mdogo huku unakoroga, lisije likakatika.

Pembeni ya sahani kuna mambo ambayo hayagharimu sana. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage hufyonzwa kwa shida, ila vitamini C huyasaidia sana. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu, au kipande cha chungwa, kinatosha. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya kula, hasa kwa mjamzito. Mchicha uliotiwa karanga una maana zaidi ya utamu, kwa sababu viini vya vitamini A kwenye majani havifyonzwi vizuri bila mafuta. Na ile B12 isiyokuwemo? Dagaa. Wa Mwanza au wa Kigoma, kiganja kimoja mara chache kwa wiki kinaziba pengo hilo, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao, kalsiamu inaingia pia.

Hapa nafika mahali ambapo huwa nakuwa mwangalifu. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kuhubiri kuridhika, na asiyejua kesho atakula nini hahitaji mahubiri, anahitaji chakula. Kuridhika ninakokusema ni kwa yule mwenye uwezo mdogo wa kuchagua, ambaye wiki inaanza na lazima aamue fedha iliyopo iende wapi. Nimeona nyumba ambamo maharage hupikwa siku nne za wiki bila manung'uniko. Hawana kipato kikubwa kuliko majirani zao. Wana ratiba. Jioni mama au baba anachambua, watoto wanashindana kuona mawe, hadithi za shule zinatoka papo hapo juu ya ungo. Usiku yanalowekwa, na mlo wa kesho umeshaanza kabla watu hawajalala. Mchana sufuria haihitaji mtu wa kuisimamia. Nyama ikija Jumapili inaliwa kama sikukuu, na haitafutwi kwa mkopo dukani siku ya Jumatano.

Nadhani utulivu wa nyumba hizo unatokana na kujua. Mzazi anayeelewa kwa nini ugali na maharage na kipande cha ndimu vinamtosha mwanawe haulizwi na moyo wake kila jioni kama amemnyima. Anajua kipi hakimo, naye amekitafutia dagaa. Elimu hiyo tunapaswa kuigawa kliniki, shuleni, kwenye vikundi vya akina mama na vya vijana pia, na tuwapikie pale pale waonje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuvutwa na bango la lishe kama anavyovutwa na harufu ya maharage yaliyoungwa kwa nazi.

Limebaki la kiporo. Maharage ya jana ni matamu kuliko ya leo: wanga uliotoka kwenye punje umelifanya rojo kuwa zito, na viungo vimepata muda wa kupenya. Kwa chapati, mihogo ya kuchemsha au wali uliolala, ni kifungua kinywa kizuri sana. Asiye na jokofu agawe maharage kwenye vyombo vipana ili yapoe upesi, ayachemshe kabla ya kulala, ayafunike bila kuyachovya kijiko tena, na asubuhi ayachemshe hadi yatokote kabla ya kupakua. Yakitoa povu au harufu ya uchachu yamwagwe yote, hata kama sufuria imejaa. Kuyachemsha upya hakuondoi kila sumu iliyoachwa na bakteria.