Fundi wa Gesi Lazima Ajifunze



Siku hizi mitungi ya gesi imefika hata vijijini. Hili ni jambo jema, maana moshi wa kuni huumiza macho na mapafu. Lakini gesi haitaki kubahatisha.

Kijana mmoja aliletwa zahanatini kwetu akiwa ameungua uso na mikono. Alikuwa akimfungia jirani jiko la gesi. Kazi hiyo hakufundishwa. Alimwona tu mtu mwingine akiifanya. Aliposikia harufu, aliwasha kiberiti ili aone gesi inavujia wapi. Moto ukamrukia. Alipona, lakini vidole viwili havikunjiki tena.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutanda sakafuni. Cheche moja yatosha kuilipua.

Tena iko hatari nyingine. Jiko likikosa hewa ya kutosha, gesi haiungui vizuri. Hapo hutoka sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haionekani wala hainuki. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huzimia. Anaweza kufa.

Je, fundi ajifunze nini? Tutazame Uingereza, ambako nyumba nyingi hutumia gesi. Huko fundi hufundishwa kupima uvujaji, kukagua njia za hewa na kutambua moto mbaya. Hufanya kazi chini ya fundi mzoefu, kisha hupimwa. Akifaulu huandikishwa katika daftari liitwalo Gas Safe Register, lililoanza mwaka 2009. Hupewa kadi yenye picha yake. Nyuma ya kadi huandikwa kazi anazoruhusiwa. Kazi isiyoandikwa haigusi. Kila baada ya miaka 5 hupimwa tena. Asiyeandikishwa akifanya kazi hiyo kwa malipo, amevunja sheria.

Hata mimi sikukabidhiwa sindano siku ya kwanza. Nilisoma, nikapimwa, ndipo nikapewa cheti.

Basi, ndugu msomaji, kumbuka haya:

1. Kabla ya kufungiwa gesi, muulize fundi: "Umejifunza wapi? Nani alikupima?"

2. Akimaliza, apake maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kamwe asitumie kiberiti.

3. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa ya umeme. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha watu wote watoke nje.

4. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta, unga wala dawa ya meno. Mlete zahanati upesi.

Nawe kijana unayetamani kazi hii, ni kazi nzuri. Tafuta kwanza mafunzo, ndipo utafute wateja. Kuuliza si ujinga.