Majani Mekundu ya Miombo

Wengi wetu tumewahi kutundika ukutani kalenda yenye picha za miti ya Ulaya, majani yake mekundu na ya manjano. Tunaisifu, kisha tunapita chini ya miti yetu wenyewe bila kuinua macho.

Twendeni Tabora mwezi wa Septemba au Oktoba. Ardhi ni kavu, mvua haijanyesha, lakini miombo imekwisha kuchipua. Majani machanga hutoka mekundu au rangi ya shaba, ndipo baadaye hugeuka kijani. Kule Ulaya jani huwa jekundu likikaribia kuanguka. Kwetu huwa jekundu likianza maisha. Wataalamu wanasema rangi hiyo husaidia kulikinga jani changa na jua kali.

Katika misitu hiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu, katika njia ya misafara ya Ujiji hadi Bagamoyo. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, ambayo ni makumbusho. Nawe uliye mbali na miombo usikate tamaa: hata mwembe wa uani huchipua majani mekundu.

Kuyapiga picha hakuhitaji kamera ya gharama, simu yatosha. Toka asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Simama jani likiwa kati yako na jua, na mishipa yake itaonekana kama nyuzi. Sogea karibu, chagua jani moja badala ya mti mzima, na nyuma yake pawe na kivuli. Upepo ukivuma, subiri. Tawi usilivunje.

Kisha mpe mtoto naye achague tawi lake. Kila wiki alipige picha, mpaka majani yawe kijani.

Miti hii ndiyo inayotupa kuni, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Maua yake huwapa nyuki asali ambayo Tabora inasifika kwayo. Sisi akina mama tunajua jinsi kuni zinavyozidi kuwa mbali. Mtoto aliyelitazama tawi moja kwa mwezi mzima hatauona tena mti kuwa kuni tu.

Mwakani, pale penye kalenda, tutundike picha yake.