Uangalizi wa Jimbo, Kifungo cha Shirikisho

Huko Marekani, mtu aliyenusurika jela katika mahakama ya jimbo kwa kupewa adhabu ya uangalizi, yaani probesheni, aweza kuja kuilipia adhabu hiyo mbele ya jaji wa shirikisho. Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila mwenye dhamana ya sheria.

Sheria ya shirikisho ya 1986 iliweka vifungo vya lazima vya miaka 5 au 10, kwa kadiri ya uzito wa dawa za kulevya. Mwaka 1994 majaji waliruhusiwa kushuka chini ya kima hicho kwa mshitakiwa asiyetumia nguvu wala silaha, asiye kiongozi wa wenzake, aliyesema kweli yote, na ambaye rekodi yake haizidi alama 1. Lakini aliyetenda kosa angali katika uangalizi aliongezewa alama 2. Basi kosa dogo la zamani likatosha kumfungia mlango.

Baadhi ya washitakiwa walirudi kwenye mahakama za jimbo, wakapata amri za kuukatisha uangalizi kwa tarehe ya nyuma. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 9, ambayo mamlaka yake yafika hadi visiwa vya Hawaii na Guam, ilikataa hila hiyo: amri ya leo haifuti ukweli wa jana. Kwa maoni yetu, mahakama haikukosea. Iliyokosa ni sheria yenyewe, iliyopima miaka ya mtu kwa kalenda.

Sheria ilirekebishwa. Mwaka 2018 kikomo kilipandishwa hadi alama 4, bila kuhesabu makosa ya alama 1. Na tangu Novemba 2023, mwenye alama zisizozidi 6 haongezewi kitu kwa sababu ya uangalizi.

Hata hivyo hatari ingalipo. Avunjaye masharti akafungwa na jimbo, kifungo hicho hujumlishwa na hukumu ya awali. Jumla ikizidi miezi 13, huwa alama 3. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kosa moja la alama 3 latosha kumnyima nafuu.

Ndiyo maana twaisifu California, ambayo tangu 2021 imeufupisha uangalizi kuwa miaka 2 kwa makosa mengi makubwa, na mwaka 1 kwa mengi madogo. Huruma ya jimbo hufaa ikitangulia kosa, si ikilifuata. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu ni wa gereza.