Mtoto wa Jirani Kahamia. Atacheza na Nani?

Leo tufunge daftari kidogo, twende Mwanjelwa.

Hapa familia mpya zinashuka na mizigo yao kila mara. Wengine wametoka Makete, wengine Chunya, Rungwe au Ileje. Baba anatafuta kibarua, mama anauza ndizi sokoni. Sasa fikiria mtoto wao wa miaka 10. Nyumbani wanaongea Kikinga. Siku ya kwanza anafungua mdomo, watoto wa mtaa wanacheka lafudhi yake. Kesho yake hatoki. Anabaki ndani kumlea mdogo wake, au anatembeza karanga mpaka jioni.

Wengi tunasema, "Ah, ni mtoto tu, atazoea." Lakini atazoeaje kama hana wa kucheza naye?

Kucheza ni kupoteza muda?

Hata kidogo! Lugha ya mtaa haifundishwi ubaoni. Inaingia wakati unapiga kelele kwenye rede au unabishana nani katolewa. Kombolela inamfundisha mgeni vichochoro vyote. Bao lina kete 64, na kila mkono unaocheza ni hesabu ya kichwa.

Mwili nao unafaidika. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mchezo wa jioni unatosha kabisa.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Mtoto mpweke hana wa kumwambia akisumbuliwa na mtu mzima njiani. Mwenye marafiki ana masikio ya kumsikiliza.

Tena ni haki yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi, inaweka chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kucheza na kupumzika kumo humo humo.

Aende wapi?

* Shule kwanza. Kama kahama tu, mzazi amwone mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya karibu, au aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne.
* Kama umri umempita bila kusoma, aulizie MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Ulianza kwa majaribio mwaka 1999.
* Maktaba ya mkoa, Mbeya mjini. Nenda naye, ulizeni utaratibu wa watoto.
* Kwaya, madrasa, skauti, timu ya netiboli au ya mpira. Hapa mgeni anapata majina ya watu, na watu wanapata jina lake.

Na mama je? Kama hajui kusoma, asione haya. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wengi walijifunza kuandika majina yao ukubwani. Mama akijua kusoma, anasoma mwenyewe kadi ya kliniki ya mwanae.

Angalia usalama

Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa hapa, na malori hayana mchezo. Chagueni uwanja ulio mbali na lami, na mzazi ajue mko wapi. Mtu mzima akimwambia mtoto "hii ni siri yetu, usimwambie mama", hiyo ni dalili ya hatari. Mwambieni mzazi au mwalimu, au pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Wewe ufanye nini?

Najua utasema una mitihani. Sawa. Nakuomba saa moja tu ya Jumamosi. Piga hodi kwa jirani, msalimie mama kwa heshima, "Shikamoo mama, naomba nikacheze na mdogo wangu hapo uwanjani." Mkifika, wengine wakimcheka, wewe usicheke. Mpe mpira aanze yeye. Kisha mwambie akufundishe mchezo wa kwao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda mchezo huo wa Makete ndio mtaa mzima utaucheza mwezi ujao!

Kazi kwako, rafiki.