Kiwavi wa Mwembeni Si Yule wa Mahindi

Mvua za masika zikishanyesha na majani mapya kuchipua kando ya Mto Tana, viwavi wenye manyoya hujaa kwenye mashina ya miembe, kwenye kuta, hata kwenye kamba za kuanikia nguo. Mtoto mmoja akilia kwa mwasho, mara bomba la dawa liko mgongoni na shamba zima linapigwa sumu. Hapo watu hukosea, kwani anayemwasha mtoto na anayemaliza mahindi si mdudu mmoja.

Wa mahindi ni kiwavijeshi. Mwili wake ni laini, na ukimshika hakuwashi. Yule mgeni kutoka Amerika, aliyethibitishwa Kenya mwaka 2017, ana alama ya Y iliyopinduka usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Huyo awahiwe kabla hajajificha ndani ya moyo wa mhindi. Mwenye manyoya mara nyingi hula majani ya miti, na mwembe mkubwa wa ngowe ukipukutishwa huchipua tena. Miche michanga ndiyo ya kuhurumiwa.

Kinachodhuru watu si yale manyoya marefu unayoyaona. Katika jamii ya nondo waitwao Euproctis, kiwavi hubeba vinyoya vifupi mno, vyenye vimiba, ambavyo hukatika na kupenya ngozini kama upupu. Hupeperuka na upepo, na makali yake hubaki hata kiwavi akifa. Nondo jike huyafunika mayai yake kwa manyoya ya mkiani. Ndiyo maana mtu huwashwa na shuka lililoanikwa chini ya mti bila kumwona mdudu yeyote. Ukiwachoma moto, unavirusha vinyoya hewani viingie machoni na kifuani.

Wako pia wale wa kijani, wanene, wanaojibandika chini ya majani ya mnazi, mgomba na mwembe. Miiba yao ina sumu, na maumivu huja papo hapo.

Ukiguswa, usisugue. Wapo wanaojipangusa kwenye nywele za kichwani. Mimi siwashauri, maana kusugua huzamisha vinyoya. Bandika selotepu, bandua, rudia kwa kipande kipya, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Kitambaa cha maji baridi hupoza, na dawa ya mzio hupunguza mwasho. Jicho lina hatari zaidi: kila ukilifikicha, kinyoya husonga ndani, na madhara yanaweza kujitokeza baada ya siku nyingi. Lioshe kwa maji safi, uende hospitali, Ngao au Hola, siku hiyohiyo. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje hata saa moja.

Shambani, faida yako ni kwamba wengi wa viwavi hawa wenye manyoya hukaa makundi wakiwa wadogo. Vaa glavu na mikono mirefu, kata tawi lenye kundi, ulitumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, yakinyunyizwa jioni, huwakatia hamu ya kula na kuwazuia kujivua ngozi. Wakishakua hayawafanyi mengi. Sumu kali kwenye mwembe wenye maua huua nyuki wanaoufanya uzae, na masalio yake mvua huyapeleka mtoni, kwenye kambare na kamongo wetu.

Wafugaji nao wana lao. Mwaka 2001 huko Kentucky, Marekani, farasi wengi waliharibu mimba, na uchunguzi ukaonyesha chanzo ni viwavi wenye manyoya waliomezwa pamoja na nyasi. Punda ni ndugu wa farasi. Mwenye punda mwenye mimba asimfunge chini ya mti uliojaa viwavi, wala asimkatie majani hapo.